Mwongozo kamili wa kuchagua vifaa vya jimu ya nyumbani

Wanaokwama kwenye jimu ya nyumbani hukwama kwa njia zinazofanana mno. Mmoja ananunua mashine kubwa ya kukimbilia, inafika, haipiti mlangoni. Mwingine ananunua jozi ya dambeli za kilo 3, na baada ya wiki chache hazimtoi hata jasho. Wa tatu ana kila kitu, ila vyote vimefunikwa na nguo zinazosubiri kupigwa pasi. Wote watatu walianza kwa kuuliza, "Ninunue mashine gani?" Hapo ndipo walipopotea, kwa sababu hilo si swali la kwanza.

Katika mwongozo huu pesa haitoki mfukoni mpaka hatua ya tano. Fuata mpangilio ulivyo. Ukiwa na haraka unaweza kupitia mbiombio hatua ya kwanza, lakini ya pili na ya tatu usiziruke: anayeziruka hurudi na swali lilelile baada ya miezi michache, safari hii akiwa na mashine ya kuuza.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Futi ya kupimia yenye urefu wa mita 3 au zaidi
- Chaki, au utepe wa gundi wa karatasi, wa kuchorea sakafuni
- Mizani ya kupimia uzito wa mwili
- Begi la mgongoni lenye mikanda imara, na chupa za maji za kulijaza (lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo hesabu inakuwa rahisi)
- Kiti imara kisicho na magurudumu
- Daftari na kalamu
- Simu yenye kamera

Hakuna cha kununua hapo, na ndivyo inavyotakiwa.

## Hatua ya 1: Andika kazi, usiandike kifaa

Andika sentensi moja inayosema unataka mwili wako uweze nini. "Nipande ngazi bila kuhema." "Nijivute kwenye chuma mara kumi." "Ninyanyue mzigo kutoka chini bila kuogopa mgongo." Sentensi ikitaja jina la mashine, ifute uanze upya.

Sababu ni kwamba kazi ndiyo inayochagua kifaa. Anayetaka pumzi na anayetaka misuli hawaendi duka moja, hata kama wote wawili wanasema "nataka kufanya mazoezi". Kuhusu kitambi, niseme mapema: hakuna mashine inayokata mafuta ya tumbo peke yake. Mikanda ya kutetemesha tumbo na viti vya kubinyia tumbo havifanyi kazi hiyo. Kama lengo ni kupunguza uzito, chakula ndicho kitakachobeba sehemu kubwa, na kifaa bora ni kile usichochoka kukirudia.

Kama hujui uanzie wapi, chukua kipimo cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2020: mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, na juu ya hayo afanye mazoezi ya kuimarisha misuli siku 2 au zaidi. Angalia vizuri. Sehemu ya kwanza wengi wetu tunaweza kuipata kwa kutembea haraka, bila kununua chochote. Sehemu ya pili ndiyo inayokosa vifaa nyumbani. Kwa hiyo kama una mahali salama pa kutembea, pesa yako ya kwanza iende kwenye nguvu, si kwenye mashine ya kutembelea. Watu hufanya kinyume, na sijawahi kuona sababu nzuri.

Onyo: kama una ugonjwa wa moyo, shinikizo la juu la damu, kisukari, ujauzito, maumivu ya viungo yasiyoisha, au umewahi kuzimia ukijitahidi, zungumza na daktari kabla ya hatua ya tatu.

Umefaulu pale unapokuwa na sentensi moja inayoeleweka na mtu mwingine bila maelezo.

## Hatua ya 2: Pima chumba, kisha ukichore sakafuni

Hii ndiyo hatua inayookoa pesa nyingi kuliko zote, na huchukua chini ya saa moja.

### Sakafu

Pima urefu na upana wa eneo lililo wazi kweli, si la chumba kizima. Kabati likifunguka, mlango wake unafika wapi? Mlango wa chumba unafungukia ndani au nje? Chora eneo linalobaki kwa chaki.

Kwa mazoezi ya mwili mtupu, mkeka na dambeli, mraba wa mita 2 kwa mita 2 unatosha watu wengi. Lala chali katikati, nyoosha mikono pande zote. Usipogusa kitu, uko sawa. Vifaa vikubwa vinahitaji nafasi zaidi ya vipimo vyake vyenyewe:

- Chuma kirefu cha kunyanyulia cha kipimo cha mashindano kina mita 2.2. Ili uweze kuingiza sahani za uzito kutoka pande zote mbili bila kukwaruza ukuta, tenga upana wa mita 3 au zaidi.
- Mashine ya kupiga makasia mara nyingi hufikia mita 2.4 kwa urefu. Nyingi hukunjwa au kusimamishwa wima, lakini dari lazima likubali.
- Mashine ya kukimbilia inahitaji mita 2 tupu nyuma yake na nusu mita kila upande. Hii si anasa. Anayeteleza hurushwa nyuma, na akikuta ukuta karibu hubanwa kati ya ukuta na mkanda unaoendelea kuzunguka.

Ukishajua kifaa unachokifikiria, chora umbo lake sakafuni na uishi nalo wiki nzima. Ukijikuta unalikanyaga kila unapopita kwenda dirishani, umepata jibu kabla ya kulipia usafiri.

### Dari

Simama, inua mikono juu ukiwa umekunja ngumi, mwenzako apime kutoka sakafuni hadi kwenye ngumi. Ongeza sentimita 15 kwa dambeli. Kwa chuma kirefu ongeza sentimita 23, kwa kuwa sahani kubwa ya kawaida ina kipenyo cha sentimita 45 na nusu yake hupanda juu ya mkono. Kisha ongeza nyingine 10 za usalama. Usisahau feni na taa.

Kwa mashine ya kukimbilia, chukua urefu wa mtu mrefu kuliko wote nyumbani, ongeza kimo cha jukwaa la mashine, ongeza angalau sentimita 20 za kuruka ruka. Kama mashine inapanda mlima, kimo kipimwe ikiwa imeinuka mpaka mwisho.

### Njia ya kuingilia

Pima mlango wa nje, korido, kona za ngazi na mlango wa chumba. Linganisha na vipimo vya boksi, si vya mashine. Boksi huwa kubwa, na mashine nyingi huja zikiwa zimefungwa nusu, kipande kimoja kikiwa na uzito wa watu wawili kubeba.

### Uzito na kelele

Ghorofani, sakafu za makazi kwa kawaida hukadiriwa kubeba kilo 150 hadi 200 hivi kwa kila mita ya mraba. Dambeli, benchi na baiskeli havisumbui. Stendi ya chuma yenye sahani za kilo mia mbili na mtu juu yake ni habari nyingine: iweke karibu na ukuta unaobeba nyumba, na kama nyumba ni ya zamani au ya mbao, muulize fundi wa majengo kwanza. Uzito unaodondoshwa ni mbaya kuliko uzito uliotulia, na jirani wa chini atakuwa wa kwanza kukuambia.

Umefaulu pale daftari lako lina namba tano: urefu, upana, dari, mlango mwembamba kuliko yote, na umbali wa soketi ya umeme iliyo karibu.

## Hatua ya 3: Fanya mazoezi wiki nne kwa vitu ulivyo navyo

Watu huiona hatua hii kama adhabu. Ukweli ni kwamba kifaa hakileti mazoea; mazoea ndiyo yanayokipa kifaa kazi. Wiki nne zinatosha kukuonyesha saa gani ya siku unaweza kweli, zoezi gani unalipenda, na lipi unalikwepa kwa visingizio.

Chagua siku 3 kwa wiki. Kila siku fanya aina tano za miondoko, kwa sababu karibu kila kifaa utakachouziwa ni njia tu ya kuongeza uzito kwenye mojawapo:

1. Kusukuma: pushapu. Zikikushinda chini, weka mikono kwenye kiti kilichoegemezwa ukutani.
2. Kuvuta: inama mgongo ukiwa umenyooka, vuta begi kutoka chini hadi mbavuni.
3. Kuchuchumaa: skwati ukiwa umekumbatia begi kifuani.
4. Kuinamia nyonga: shika begi mbele ya mapaja, sukuma makalio nyuma, begi lishuke hadi chini kidogo ya magoti, simama.
5. Kubeba: tembea na begi au chupa mikononi, mgongo wima.

Seti 2 au 3 kila moja, ukiacha marudio mawili hivi kabla ya kushindwa kabisa. Andika kila siku: zoezi, uzito wa begi, marudio. Jipige video kutoka ubavuni mara moja kwa wiki. Mgongo unaojikunja kwenye kuvuta na kuinama hauonekani ukiwa ndani ya zoezi, ila video haifichi.

Umefaulu pale umetimiza siku 9 kati ya 12. Ukipata 4 au 5, usinunue. Badilisha saa, punguza muda uwe dakika 15, rudia. Mashine haitakuongezea saa kwenye siku.

## Hatua ya 4: Jua uzito unaouhitaji

Fungua daftari. Kwa kila mwondoko tafuta uzito uliokuwezesha kufanya marudio 8 hadi 12, mawili ya mwisho yakiwa magumu lakini umbo la zoezi bado zuri. Hiyo ndiyo namba yako ya kuanzia.

Hapa ndipo dambeli za kilo 3 zinapoumbuka. Kwenye pushapu ya kawaida mikono hubeba takriban theluthi mbili ya uzito wa mwili. Mwenye kilo 75 anasukuma kilo 50 hivi kila anaposhuka na kupanda. Kama anapiga pushapu 20, jozi ya kilo 3 haina cha kukifundisha kifua chake. Itamfaa kwa kuinua mikono pembeni, kwa ajili ya mabega, basi.

Miguu na mgongo vina nguvu kuliko mikono, kwa hiyo huwezi kutumia uzito mmoja kwa kila kitu. Mtu mmoja anaweza kuhitaji kilo 6 kwa mabega, 12 kwa kuvuta, na 20 kwa skwati, yote ndani ya siku moja ya mazoezi. Ndiyo maana ninawashauri wanaoanza wachukue dambeli za kubadilisha uzito badala ya jozi moja isiyobadilika.

Angalia pia ukubwa wa hatua za kupanda. Kutoka kilo 5 kwenda 7.5 ni ongezeko la asilimia 50; kutoka 20 kwenda 22.5 ni asilimia 12.5 tu. Mruko wa kwanza utakuumiza au kukukatisha tamaa. Kwa uzito mdogo tafuta sahani ndogo za kilo 0.5 na 1.25.

Umefaulu pale una namba ya kuanzia kwa kila mwondoko, na makadirio ya mara mbili yake. Kifaa unachonunua lazima kifike huko kwenye mara mbili, la sivyo utakizidi nguvu mapema.

## Hatua ya 5: Nunua vifaa vya nguvu, kimoja baada ya kingine

Mpangilio ufuatao si wa lazima kwa kila mtu, lakini ndio ninaoutetea kwa chumba cha kawaida. Nunua kimoja, kitumie mwezi, ndipo utazame kinachofuata.

### Sakafu kwanza

Hakuna anayefurahia kununua mpira wa sakafu, lakini anza nao. Mpira mgumu wa milimita 8 hadi 10 unatosha kwa dambeli. Kwa chuma kirefu nenda 15 hadi 20. Vigae laini vya povu vinavyounganishwa kama vipande vya fumbo ni vizuri kwa kunyoosha viungo, lakini chini ya benchi vinabonyea na kukufanya uyumbe. Mpira mpya hunuka. Uanike kivulini siku kadhaa kabla ya kuutandika.

### Mikanda ya mpira ya kuvuta

Ni nyepesi, haina kelele, inaingia kwenye droo. Chukua seti yenye unene tofauti, na uelewe tabia yake: kadiri unavyoivuta ndivyo inavyozidi kuwa mizito. Kilo zilizoandikwa kwenye pakiti ni za mvutano fulani tu, usizilinganishe na kilo za dambeli.

Ukiifunga mlangoni, chagua mlango unaojifunga kuelekea upande unaouvutia, ili nguvu yako iuzidishe kufunga badala ya kuufungua. Weka kishikio upande wa bawaba, ulio imara zaidi, na ufunge kwa ufunguo.

Onyo: jua na joto huchakaza mpira. Kagua kila mara kwa kuuvuta kidogo kwenye mwanga. Ukiona nyufa ndogo au weupe, utupe. Mkanda unaokatika hurudi usoni, na macho hayana mbadala.

### Dambeli za kubadilisha uzito

Ziko za aina mbili. Za kufunga kwa nati ni pini ya chuma, sahani na nati mbili. Kubadilisha kunachelewesha, lakini hazina cha kuharibika na sahani za ziada hupatikana kirahisi. Za kuzungusha kitasa hubadilika kwa sekunde, ila ndani zina meno na klipu nyingi. Ukizidondosha zinaweza kukwama, na zina urefu uleule hata zikiwa nyepesi. Mwenye chumba kidogo na mikono ya upole achukue za kitasa. Mwenye watoto, au anayependa kuangusha chuma chini akimaliza seti, achukue za nati.

Epuka sahani za plastiki zilizojazwa saruji kama unaweza. Ni nene, hivyo pini hujaa mapema, na zikipasuka zinamwaga unga. Chuma cha kalibu hakichakai.

Kabla ya kulipa, pima kipenyo cha pini na cha tundu la sahani. Pini za nyumbani nyingi ni milimita 25 na zaidi kidogo. Za kipimo cha mashindano ni 50. Sahani ya 50 kwenye pini ya 25 inacheza na kugonga, na hilo ni hatari si kero tu.

### Ketobeli

Tufe la chuma lenye mpini juu. Kwa kuinamia nyonga, kubembeza na kubeba, moja tu inafanya kazi ya vifaa vingi, na inaongeza pumzi pia. Kwa kawaida hupanda kwa kilo 4: 8, 12, 16, 20, 24. Wanawake wengi wanaoanza huridhika na 8 au 12, wanaume 12 au 16, lakini namba yako ya hatua ya nne ndiyo inayoamua. Pitisha vidole ndani ya mpini: mshono wa kalibu ukikukwaruza dukani, nyumbani utakuchuna.

### Chuma cha kujivuta

Hakuna kifaa cha bei ndogo kinachojenga mgongo hivi. Cha kuning'inia kwenye fremu ya mlango ni rahisi, mradi fremu ni ya mbao ngumu au chuma na imekaza ukutani. Cha kufungwa ukutani kiingie kwenye zege au tofali zima kwa bolti za kupanuka, kamwe si kwenye jipsamu. Acha sentimita 30 hivi kati ya chuma na dari ili kichwa kipite. Kijaribu kwa kuning'inia miguu ikiwa bado inagusa chini, ukiongeza uzito polepole.

### Benchi

Kibandiko cha uzito kwenye benchi kinahesabu wewe na mzigo wako pamoja. Mwenye kilo 80 anayesukuma kilo 60 ameshafika 140, na benchi ya kikomo cha 150 inamwacha bila akiba. Tafuta inayozidi hesabu yako kwa theluthi nzima au zaidi.

Kimo cha sentimita 42 hadi 45 na upana wa mto wa 29 hadi 32 ndivyo vipimo vya mashindano ya kunyanyua vyuma, na vinafaa nyumbani pia. Kaa, lala, kanyaga: nyayo nzima iguse chini. Kisha tikisa kushoto kulia. Benchi inayocheza ikiwa tupu itacheza zaidi ukiwa umeshika chuma juu ya uso.

### Chuma kirefu na stendi

Hiki ni kwa anayejua tayari anataka nguvu kubwa. Cha wanaume cha mashindano kina kilo 20 na unene wa kushikia wa milimita 28. Cha wanawake kina kilo 15, milimita 25 na urefu wa mita 2.01. Kama unafanya peke yako, stendi lazima iwe na mikono ya usalama inayoweza kuwekwa juu kidogo ya kifua ukiwa umelala bapa, na chini kidogo ya kimo cha skwati yako ya mwisho. Bila hiyo, baki na dambeli. Dambeli ikikushinda unaiachia pembeni. Chuma kirefu kikikushinda kinakulalia shingoni.

Umefaulu pale kila mwondoko kati ya ile mitano una kifaa, na hakuna vifaa viwili vinavyofanya kazi ileile.

## Hatua ya 6: Mashine ya pumzi, kama bado unaihitaji

Kamba ya kuruka ijaribiwe kwanza. Kanyaga katikati ya kamba, vuta mipini juu: ikifika kwapani, urefu ni sawa kwa anayeanza. Magoti yakilalamika, nenda kwenye baiskeli.

Baiskeli ya mazoezi ndiyo ninayoipendekeza kwa nyumba nyingi: ndogo, tulivu, salama. Chagua breki ya sumaku. Haigusi gurudumu, hivyo hailii wala haichakai kama ya pedi. Kwenye kuijaribu, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke. Ukihamishia mbele ya unyayo, goti litapinda kidogo, na hapo ndipo kiti kinapotakiwa. Kiti kisipopanda au kushuka mpaka kila mtumiaji apate kimo hicho, iache. Mwenye maumivu ya mgongo ajaribu ile yenye kiti cha kuegemea.

Mashine ya kupiga makasia hufanyisha kazi miguu, mgongo na mikono pamoja. Mrefu akae na anyooshe miguu kabisa. Reli ikiisha kabla ya miguu, si yake. Inayotumia upepo kuleta ugumu ina kelele.

Mashine ya kukimbilia hurudishwa na kuuzwa tena mara nyingi, kwa hiyo nikae hapa kidogo.

Usidanganywe na nguvu ya farasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Mara nyingi ni ya kilele, inayodumu sekunde chache. Uliza nguvu ya kuendelea. Njia ya kuwakamata wauzaji ni hesabu: nguvu moja ya farasi ni wati 746. Mashine inayojitangaza ina 5 ingehitaji zaidi ya wati 3,700, wakati plagi ya ampea 13 kwenye umeme wa volti 230 haitoi hata wati 3,000. Soma kibandiko cha nyuma chenye volti, ampea na wati. Hicho ndicho kinachosema kweli. Kwa kutembea, nguvu ya kuendelea ya 1.5 hadi 2 inatosha; kwa kukimbia tafuta 2.5 hadi 3.

Mkanda wa kutembea uwe na urefu wa sentimita 120 hivi. Wa kukimbia 140 hadi 150, na upana karibu 50. Ukikimbilia mkanda mfupi utafupisha hatua bila kujua, na nyonga zitakuuliza. Hakikisha volti ya mashine ni ya nchi uliyopo, ichomekwe moja kwa moja ukutani bila ekstensheni, na iwe na ufunguo wa usalama wa kubana kwenye nguo.

Gharama haiishii dukani: chini ya mkanda panahitaji mafuta ya silikoni kwa ratiba ya kitabu chake. Mafuta ya kupikia au ya kulegeza kutu yataharibu mkanda.

## Hatua ya 7: Kagua kabla ya kulipa

Chuma cha mtumba ni ununuzi mzuri. Mota ya mtumba ni bahati nasibu. Kutu ya juu kwenye sahani inasuguliwa na kuisha. Kutu iliyotafuna sehemu iliyochomelewa kwenye benchi au stendi haina dawa.

- Chuma kirefu kiviringishe kwenye sakafu bapa. Kikirukaruka, kimepinda.
- Chunguza kila kiungo kilichochomelewa. Ufa mwembamba huanza kwenye rangi.
- Kamba za waya za mashine zenye puli zikionyesha nyuzi zilizochomoza, zihesabu kama gharama ya kubadilisha mara moja.
- Mashine ya kukimbilia ipandwe na mtu mzito kuliko wote nyumbani, mwendo wa kutembea, dakika 10. Mota huteseka zaidi kwenye mwendo wa chini wenye mzigo. Nusa: harufu ya kuungua ni mwisho wa mazungumzo. Mkanda ukikwama kila unapokanyaga, mashine hiyo nayo iache.
- Kwa kifaa kipya, soma dhamana vipande vipande: fremu, mota, sehemu nyingine, na kazi ya fundi. "Miaka kumi" mara nyingi ni ya fremu pekee, ambayo ndiyo isiyoharibika.
- Uliza: mkanda, pedali na betri za skrini zinapatikana wapi? Muuzaji akibabaika, rahisi inaweza kugeuka ghali.

Umefaulu pale umekitumia kifaa chenyewe kabla ya kulipa, jasho likakutoka.

## Hatua ya 8: Kifunge, kipange, kifanye salama

Ingiza bolti zote kwa mkono kwanza, zikaze mwishoni. Ukikaza moja moja, tundu la mwisho halitakaa sawa. Baada ya wiki ya kwanza ya matumizi rudia kukaza zote, kwa kuwa chuma kipya hulegea kikishaanza kubeba. Kisha iwe kila mwezi.

Uzito mkubwa ukae chini ya rafu, mdogo juu. Kifaa unachokitumia zaidi kiwe ndicho cha kwanza kuonekana ukiingia, kikiwa tayari. Dambeli zilizo uvunguni hubaki uvunguni.

Nyumba yenye watoto: mashine ya kukimbilia ichomolewe ukutani kila baada ya matumizi na ufunguo wake ufichwe. Nyuma ya mkanda, pale unapozama chini ya mashine, ndipo vidole vidogo hunaswa. Gurudumu la baiskeli lililo wazi nalo ni hatari, hata bila umeme.

Endelea na daftari. Kifaa kinachofuata kinunuliwe pale daftari linapokidai: umefika marudio 12 kwa uzito wako mkubwa kabisa, wiki tatu mfululizo, bila kuharibu umbo. Hapo ongeza sahani kwanza, mashine baadaye. Na kilichokaa miezi mitatu bila kuandikwa humo, kiuze kikiwa bado na kitabu chake, spana zake na boksi kama lipo. Vyenye karatasi kamili huondoka haraka kuliko vilivyopotezewa vyake.